Bastola ya kwanza kwa bei ya kawaida: maswali ya watu wa Dar kuhusu aina na kaliba

Wanaouliza maswali haya ni watu wa Tabata, Kinondoni, Mbezi, Mbagala na Kigamboni: mwenye duka la jumla anayefunga hesabu usiku, mwenye shamba Mkuranga au Kisarawe, mstaafu aliyeshika silaha kazini miaka mingi na sasa anataka ya kwake kwa leseni. Wote wanatafuta kitu kilekile: bastola ngumu, isiyo na mapambo, ya muundo uliozoeleka majeshini, kwa bei isiyoumiza. Nimejibu kwa urefu pale ambapo mtu akikosea anapoteza pesa nyingi, au anapoteza mtu.

Bastola ya kijeshi? Raia anaruhusiwa kweli?

Tunazungumzia muundo, si mali ya jeshi. Makarov ilibuniwa kwa ajili ya askari wa Urusi ya Kisovieti, Glock 17 ilianza kwa jeshi la Austria mwaka 1982, na Beretta 92 ikawa bastola rasmi ya jeshi la Marekani mwaka 1985. Viwanda hivyohivyo, na vingine vilivyoiga, vikaziuza pia kwa raia wa nchi mbalimbali. Hizo ndizo unazoweza kuombea leseni. Zote ni za kufyatua risasi moja kila unapovuta triga. Silaha inayomwaga risasi mfululizo si ya raia, na iliyotoka ghala la jeshi au polisi bila karatasi si ya mtu yeyote. Ukikutwa nayo huna utetezi.

Sheria inayotawala mambo haya ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Isome kabla hujasoma ukurasa wowote wa kusifia bastola.

Nimeipenda moja dukani. Nitangulize malipo ili isichukuliwe?

Usitangulize. Kibali kwanza, silaha baadaye. Maombi huanzia serikali ya mtaa wako, kwa watu wanaokujua wewe, familia yako na mwenendo wako, yakapanda kupitia ngazi za ulinzi na usalama na ofisi za polisi mpaka kwa Msajili wa Silaha. Kila ngazi ina haki ya kukuuliza kwa nini unaitaka, na kila ngazi inaweza kusema hapana. Ukishamlipa muuzaji halafu maombi yakakwama, umefunga pesa yako kwenye kitu usichoweza hata kukibeba kwenda nacho nyumbani.

Sababu unayoiandika iwe ya kweli na iwe yako. Mwenye kusafirisha mauzo kutoka Kariakoo ana maelezo tofauti na mwenye kulinda mifugo Kisarawe. Maelezo yaliyonakiliwa kwa mwenzio yanajulikana yakisomwa tu.

Nianze na kuchagua bastola au kaliba, yaani kipimo cha risasi zake?

Kaliba. Hili ndilo jibu ninalolisisitiza kuliko yote hapa, kwa sababu karibu kila mtu anaanzia upande mwingine. Anaona umbo, anasikia jina, anaambiwa bei, anafurahi. Miezi sita baadaye ana bastola nzuri na risasi nane zilizokuja nayo, na hakuna duka mjini lenye nyingine za aina hiyo.

Bastola hununuliwa mara moja. Risasi zinanunuliwa kila unapotaka kufanya mazoezi, na asiyefanya mazoezi hatakiwi kuwa na bastola. Leseni yako inataja kaliba, na muuzaji anakuuzia risasi za kaliba hiyo tu. Huwezi kuingia dukani ukachukua zinazopatikana siku hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kuandika jina la bastola kwenye fomu yoyote, pita kwenye maduka ya silaha yenye leseni hapa Dar uulize swali moja: risasi gani hamkosi? Usiulize wanachoweza kuagiza. Uliza kilichopo, na kilichokuwepo mwaka jana.

Katika bastola za aina hii, jibu utakalosikia mara nyingi ni milimita 9 kwa 19.

Mbona "tisa" ziko nyingi? Si zote ni milimita 9?

Hapa watu huumia, kwa hiyo twende polepole.

Kuna tisa tatu utakazokutana nazo. Tarakimu ya kwanza ni unene wa kichwa cha risasi, ya pili ni urefu wa ganda, zote kwa milimita. Ya 9 kwa 17 ni fupi na nyepesi, ya bastola ndogo za mfukoni. Ya 9 kwa 18 ni ya Makarov. Ya 9 kwa 19 ndiyo iliyobuniwa na Georg Luger huko Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita, na ndiyo iliyoenea majeshini duniani kote. Kwenye pakiti utaiona ikiandikwa 9 mm Luger, 9 mm Parabellum au 9x19. Ni risasi ileile.

Haziingiliani. Hata unene wake haulingani: kichwa cha risasi ya Makarov kina milimita 9.27 hivi, wakati cha 9 kwa 19 kina kama 9.01. Nguvu ya baruti nayo ni nyingine. Ya Makarov hurusha kichwa cha gramu 6 hivi kwa mwendo wa karibu mita 315 kwa sekunde, nguvu ya takriban juli 300 (juli ni kipimo cha nishati). Ya 9 kwa 19 hurusha gramu 7.5 hadi 8 kwa mwendo wa karibu mita 350, nguvu inayokaribia juli 500. Bastola iliyotengenezwa kwa ajili ya ile nyepesi haikujengwa kubeba mgandamizo wa ile nzito.

Basi usiseme "nipe za tisa". Soma maandishi yaliyogongwa kwenye mtutu au kwenye slaidi ya bastola yako (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma ukifyatua), soma na pakiti, yafanane herufi kwa herufi. Ikiwa maandishi kwenye bastola yamefutika, mpelekee fundi wa silaha anayetambulika aipime kabla haijaingizwa risasi yoyote. Kukisia kwa macho kusikubalike, hata kama anayekisia ni mzee wa kazi.

Makarov ni nafuu na wazee wanaisifia. Vipi?

Wanaisifia kwa haki. Jeshi la Kisovieti liliichukua mwaka 1951. Ina uzito wa gramu 730 hivi, urefu wa sentimita 16, risasi nane kwenye magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini), na vipande vichache kuliko bastola nyingi. Mtutu wake umekazwa kwenye fremu, yaani kiunzi cha bastola, hauchezi, na ndiyo maana hata ya zamani hupiga vizuri. Sefti yake, ile swichi ya kuzuia isifyatuke, ukiipandisha inaiteremsha nyundo inayopiga risasi kwa usalama bila wewe kuishika kwa kidole gumba. Zilitengenezwa Urusi, Ujerumani Mashariki, Bulgaria na China.

Shida yake ni risasi. Kama umehakikisha kwamba 9 kwa 18 zinapatikana mahali unaponunua, na zitaendelea kupatikana, ni bastola ya heshima kwa mtu wa kawaida. Kama hujahakikisha, uzuri wake wote hautakusaidia kitu.

Na Tokarev? Ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, kwa nini unatukatisha tamaa?

Tokarev ni silaha ya kihistoria na sina dharau nayo. Fedor Tokarev aliibuni, ikaingia jeshini mwanzoni mwa miaka ya 1930, na toleo la TT-33 ndilo lililoenea; China ikatengeneza yake, Type 54, Yugoslavia ikatengeneza M57 yenye risasi tisa badala ya nane. Ni nyembamba, inabebeka, haina mambo mengi.

Nina sababu tatu za kumwambia mkazi wa Dar asianze nayo.

Ya kwanza ni sefti. Ile ya asili haina sefti ya kidole hata kidogo. Kilichopo ni nyundo kusimama nusu njia, jambo lililotosha kwa askari aliyebeba bastola ikiwa haina risasi chemba, yaani pale nyuma ya mtutu inapokaa risasi ya kufyatuliwa, na aliyekuwa chini ya amri muda wote. Ikiwa na risasi chemba na nyundo imeteremshwa kabisa, ikidondoka sakafuni inaweza kulia yenyewe. Viwanda vingine viliongeza sefti kwa ajili ya masoko ya nje, na ubora wa nyongeza hizo unatofautiana sana.

Ya pili ni risasi yenyewe, 7.62 kwa 25. Ni nyembamba, gramu 5.5 hivi, na inakwenda kasi, zaidi ya mita 420 kwa sekunde. Sifa yake kubwa ni kupenya. Sasa fikiria tunavyoishi. Tandale, Manzese, Mwananyamala, Vingunguti, Mbagala: nyumba yangu na yako zinagusana, katikati kuna uchochoro wa mtu mmoja kupita, dirisha langu linatazama chumba wanacholala watoto wako. Bati, mlango wa mbao, dari ya gypsum, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosimamisha risasi ya bastola, na ya Tokarev ndiyo ya mwisho kusimama. Haki ya kujilinda haikupi haki ya ukuta wa jirani. Hata ya 9 kwa 19 hupenya vitu hivyo, usinielewe vibaya, lakini hakuna sababu ya kuanza na ile inayopenya zaidi.

Ya tatu ni chumvi. Risasi nyingi za zamani za kaliba hii, zile za akiba ya majeshi ya Ulaya Mashariki na China, zina kiwashio kinachoacha masalia ya chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo inavuta unyevu, na unyevu ndio tunaoishi nao. Usiposafisha mara tu baada ya kufyatua, kutu inaanza upesi. Mafuta peke yake hayaiondoi. Inayeyushwa na maji ya moto, kisha unakausha vizuri, kisha ndipo unapaka mafuta. Wengi hawajui hili, wanapaka mafuta juu ya chumvi na kushangaa.

Kaliba kubwa kama .45? Au ndogo kama 7.65?

Ya .45, ambayo hupimwa kwa inchi, ni risasi nzito, karibu gramu 15, inayokwenda taratibu, mita 255 hivi kwa sekunde. Ndiyo ya Colt ya mwaka 1911 iliyotumiwa na jeshi la Marekani hadi 1985. Nguvu yake kwa juli haizidi sana ya 9 kwa 19, ila risasi zake ni ghali zaidi, magazini yake ya kawaida hubeba saba, na teke lake mkononi linamchosha anayejifunza. Kwa bajeti tunayoizungumzia, iache.

Ya 7.65, ile ya Walther PP na PPK, ni laini mkononi, nguvu yake ni kama juli 200. Bastola zake ni ndogo na za kupendeza, nyingine zina umri mkubwa kuliko mwenye kuzinunua. Mtu mwenye mikono dhaifu anaweza kuifikiria. Wengine wote nawarudisha kwenye 9 kwa 19.

Haya, 9 kwa 19. Bastola gani sasa, kwa asiye na pesa nyingi?

Nitaanza na zinazoigwa, kwa sababu bastola nyingi za bei nafuu ni nakala, na nakala huielewi mpaka umjue mama yake.

CZ 75 ilibuniwa na ndugu wawili, Josef na František Koucký, huko Czechoslovakia mwaka 1975. Ni chuma kitupu, karibu kilo moja, na slaidi yake inapita ndani ya fremu badala ya nje. Uzito huo unaonekana kero unapoibeba, lakini unapofyatua ndio unaotuliza mkono. Beretta 92 ya Italia ni pana, slaidi imefunguliwa juu, na inakula risasi bila kinyongo. Ina uzito wa kama gramu 950. Glock 17 ya Austria ina fremu ya plastiki, gramu 630 hivi bila magazini, risasi 17, haina nyundo ya kuonekana wala sefti ya kidole. Browning Hi-Power ya Ubelgiji, ya mwaka 1935, ndiyo iliyofundisha dunia kubeba risasi 13 kwenye bastola. Ukiipata nzima ni hazina, ila ni silaha ya mtu aliyekwisha zoea, kwa sababu hubebwa nyundo imekokiwa, yaani imevutwa nyuma tayari kupiga, na sefti imepandishwa.

Sasa watoto wao. Uturuki ndiyo inayotengeneza bastola nyingi za bei ya chini na ubora unaokubalika siku hizi. Sarsılmaz ya Düzce ina bastola zilizojengwa kwa muundo wa CZ 75. Girsan ya Giresun ina Regard, inayofuata Beretta 92. Canik ya Samsun ilianza TP9 yake kutoka Walther P99 ya Ujerumani, na imekwenda mbali tangu hapo. Tisas ya Trabzon nayo imo. Kutoka Brazil kuna Taurus PT92. Hiyo ni ndugu wa Beretta kwa damu, kwani Taurus walinunua kiwanda cha Beretta cha São Paulo mwaka 1980, mashine na vyote.

Kwa kulinganisha tu: Marekani, kwenye ushindani mkubwa, bastola mpya za Kituruki nyingi huanzia dola 250 hadi 400, na Glock 17 mpya huwa kati ya 500 na 650. Usije Dar ukamdai muuzaji bei hizo. Usafiri, vibali vya kuingiza na kodi vinaongezwa juu yake. Chukua uwiano, si tarakimu: ya Kituruki hugharimu kama nusu au theluthi mbili ya Glock.

Ningekuwa na pesa ya Glock mkononi, ningenunua ya Kituruki ya muundo unaojulikana, na kilichobaki ningekigawa kwenye sefu, magazini mbili za ziada, kinga ya masikio na risasi za mazoezi. Nasema hivi bila kusita. Mtu aliyefyatua risasi mia chache chini ya mwalimu kwa bastola ya kawaida ni salama zaidi, kwake na kwa majirani zake, kuliko mwenye bastola ya gharama iliyofyatuliwa siku ya kununuliwa tu.

Sharti moja: kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama ana magazini ya ziada na springi za bastola hiyo hapo dukani. Akianza hadithi, ondoka.

Chuma au plastiki, hapa kwetu kwenye joto la bahari?

Watu wa Dodoma au Arusha wanaweza kulipuuza swali hili. Sisi hatuwezi. Anayeishi Msasani, Kunduchi, Mbezi Beach au Kigamboni anajua hewa ya bahari inavyokula bawaba za mlango, mabati na fremu za madirisha. Bastola ya chuma iliyopakwa rangi ya bluu-nyeusi ya kizamani haina kinga kubwa kuliko bawaba. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, kutu inaweza kuota sehemu ulizoshika kwa jasho na kuziacha bila kufuta.

Plastiki ya fremu haishiki kutu, na slaidi za kisasa hupikwa kwa njia inayoifanya ngozi ya chuma iwe ngumu na yenye kustahimili unyevu. Katika hilo Glock na jamaa zake wana faida ya wazi Dar. Lakini usidanganyike: ndani mwao mna springi, pini na vipande vya chuma, na magazini zina springi, na risasi zenyewe hupata ukungu wa kijani kwenye ganda zikihifadhiwa ovyo.

Utunzaji ni mwepesi. Futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila unapoishika. Mara moja kwa wiki mbili, au kila wiki wakati wa mvua, ikague hata kama hujaitumia. Weka ndani ya sefu vile vifuko vinavyonyonya unyevu, na uvibadilishe. Usiihifadhi kamwe ndani ya mkoba wa ngozi. Ngozi inashika unyevu na dawa zilizotumika kuitengeneza hula chuma. Mkoba wa ngozi ni wa kubebea, si wa kulazia. Na mafuta yawe machache: yakizidi yanakamata vumbi, na vumbi la barabara zetu likichanganyika na mafuta linakuwa msasa.

Sefti ipi inamfaa anayeanza?

Bastola yenye nyundo na kiteremsha nyundo, kama Beretta 92 za sasa na nakala zake nyingi au Makarov, inamsamehe anayeanza zaidi. Mvuto wa kwanza wa triga ni mrefu na mzito, hauji kwa bahati mbaya. Kwenye CZ 75 ya asili hakuna kiteremsha nyundo. Ukitaka kuishusha juu ya risasi iliyo chemba unashika nyundo kwa kidole huku unavuta triga, na hapo ndipo ajali hutokea. Kuna toleo lenye kiteremsha nyundo, tafuta hilo.

Glock haina sefti ya kuwasha na kuzima. Sefti zake ziko ndani na kwenye triga, na zinafanya kazi vizuri. Inachohitaji ni mkoba mgumu unaoifunika triga yote. Kuichomeka kiunoni mwa suruali bila mkoba ni kutafuta msiba.

Na sefti ya kwanza kabisa haiko kwenye bastola. Kila silaha ichukulie kuwa ina risasi. Mdomo wake usielekee kwa kitu usichokusudia kukipiga. Kidole kikae nje ya triga mpaka umekwisha lenga. Jua unachokilenga na kilicho nyuma yake.

Ya mkono wa pili ni sawa?

Ni sawa ikiwa namba kwenye bastola inafanana na ya kwenye kitabu cha leseni, na uhamisho unapitia polisi kutoka jina la mwenye kuuza kwenda lako. Ikikosekana hiyo, usiendelee kuikagua.

Karatasi zikiwa safi, ifungue na fundi. Tazama ndani ya mtutu kwa tochi; mistari iwe na kingo kali, kusiwe na vishimo vya kutu. Tafuta nyufa kwenye slaidi na fremu. Ikiwa tupu, kokisha, kisha isukume nyundo kwa kidole gumba bila kugusa triga: ikianguka, irudishe kwa mwenyewe. Springi ya slaidi na za magazini zihesabu kama kitu cha kubadilisha, kwa hiyo toa gharama yake kwenye bei.

Mikono yangu ni midogo. Dada yangu naye anaomba leseni. Tuchukue ndogo?

Ndogo si nyepesi kutumia. Bastola fupi na nyepesi ya 9 kwa 19 inaruka mkononi kuliko kubwa. Kinachotakiwa ni mpini unaoenea kiganjani na triga inayofikiwa na kidole bila kujinyoosha. Beretta 92 ni pana, wengi wenye viganja vidogo wanahangaika nayo. Makarov na zile zenye mpini wa kubadilisha mgongo zinawafaa zaidi. Angalia pia kama anaweza kuivuta slaidi hadi mwisho bila kusaidiwa. Asipoweza, hiyo si yake, hata kama muuzaji anasema atazoea.

Nina watoto. Nikiificha juu ya kabati inatosha?

Haitoshi. Watoto wanajua kila kilicho juu ya kabati, chini ya godoro na ndani ya sanduku la mama. Wanajua kabla yako.

Kama huna pesa ya sefu, huna pesa ya bastola bado. Sefu ifungwe kwa boliti ukutani au sakafuni, maana ndogo hubebwa nzima na mwizi. Bastola ikae humo bila risasi chemba, ufunguo au namba iwe ya mwenye leseni tu. Jamaa wa kutoka mkoani, dada wa kazi, fundi wa bomba, hakuna anayehitaji kujua ndani kuna nini. Na katika nyumba yenye mtu anayepitia huzuni kubwa, msongo au ulevi, silaha itoke ndani kabisa: polisi huipokea kuihifadhi. Hapo sina la kujadiliana. Silaha ndani ya nyumba inazidisha hatari ya mtu kujidhuru, na dakika moja ya giza haimpi mtu nafasi ya kujirudi.

Mazoezi ni lazima? Mimi nilipita JKT.

Ni lazima. Bunduki ndefu uliyoishika JKT ina kitako cha kuegemeza begani. Bastola haina, na kosa dogo la kiganja linahamisha risasi mbali. Fanya chini ya mwalimu, kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa. Vaa kinga ya masikio kila mara: mlio wa bastola ya 9 kwa 19 unakaribia desibeli 160, na madhara ya kudumu huanza kwenye 140 kwa mlio wa ghafla. Usikivu ukipotea haurudi.

Risasi za kijeshi zenye koti kamili la shaba zinatosha kwa mazoezi. Majeshi huzitumia kwa sababu Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilikataza vitani zile zinazopanuka. Bastola za muundo wa zamani pia huzimeza vizuri, kwa sababu ndizo zilizotengenezewa.

Marehemu baba ameacha bastola na leseni yake. Si yangu sasa?

Leseni ilikuwa ya jina lake na imekoma naye. Bastola ipelekwe kituo cha polisi pamoja na kitabu chake na cheti cha kifo. Piga simu au nenda kwanza utoe taarifa, uulize waipokeaje, usiingie kituoni umeishika mkononi. Ukiitaka, unaanza maombi yako mwenyewe kama mtu mwingine yeyote, na wanafamilia wengine wajue. Risasi zilizobaki kwenye droo zake nazo ziende. Usizifanyie majaribio, huijui hali yake.

Kuna mtu ananiuzia kwa bei ya kutupa, anasema kitabu kitafuata.

Kitabu hakifuati. Silaha halali ina namba, na nchi za ukanda huu zilikubaliana kwenye Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuzitia alama silaha na kutunza kumbukumbu zake, ili ijulikane ilikotoka. Iliyosuguliwa namba imesuguliwa kwa sababu. Huenda imeshatumika kwenye uhalifu usioujua, na siku ikipimwa, wewe ndiye utakayekuwa mmiliki wa mwisho. Mwaka 2016 Dar ilipofanya uhakiki wa silaha, hata Rais Magufuli alihakiki zake. Zoezi la namna hiyo likija tena utapeleka nini?

Kama tayari umeshikishwa moja, na hili huwatokea watu wema, Jeshi la Polisi limekuwa likitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa. Tafuta wakili akuongoze, au pitia kwa kiongozi wa dini au wa mtaa unayemwamini, na uikabidhi ndani ya muda uliotangazwa.